Rangi za Moyo wa Tata

Baba yangu aliletwa kwangu Kituntu akitoka hospitali, amejiegemeza kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, na neno lake la kwanza aliposhuka lilikuwa kuuliza atarudi lini. Hakuuliza habari za nyumbani. Hakuuliza wajukuu. Nikamwambia "Shikamoo, Tata" kwa sauti ya mtu aliyenuna, naye akaitikia "Marahaba" huku anaitazama barabara iliyomleta. Mimi ni mtu wa kununa upesi, sifichi, na siku ile nilianza kununa kabla hata sijampokea fimbo.

Ng'ombe wake walikuwa Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, mikononi mwa kaka yangu. Mtu mwingine angeona si mbali. Lakini baba yangu hakuwahi kulala nje ya zizi lake isipokuwa siku za misiba, na kwake kulala katikati ya migomba ya wakwe kulikuwa uhamisho. Daktari alikuwa ameshasema. Moyo umetanuka na umechoka, dawa peke yake hazitoshi, lazima mzee atembee kila siku. Atembee kwa nguvu kidogo, pumzi zimpande lakini zisimkatike. Huko malishoni asirudi kwanza. Siku atakayopanda mlima mzima bila kusimama na moyo usivuke mpaka, ndipo tuje tuzungumze habari za kurudi.

Saa ilinunuliwa kwa sababu hiyo. Binti yangu wa kwanza, aliyeko Mwanza, ndiye aliyeituma: saa janja, nyeusi, ya mkanda wa mpira, na chini yake taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi na kusoma mapigo ya moyo. Ukitembea inakuonyesha mwili unafanya kazi kwa kiasi gani. Inatoa namba, na nyuma ya namba inaweka rangi. Bluu, umepumzika. Kijani, unatembea taratibu tu. Rangi ya machungwa ndiyo kazi yenyewe, ile aliyoitaka daktari. Nyekundu, simama ukae chini.

Tata aliikubali saa, akazikataa namba. Kwetu wafugaji ng'ombe hawahesabiwi. Ukimuuliza mtu anao wangapi atakuambia wapo wa kuwapa watoto maziwa, hata kama bonde zima limejaa migongo yao. Kinachohesabiwa hupungua, ndivyo tulivyolelewa. Tukabatizwa, tukaimba zaburi, na bado hatuhesabu. Siku ya kwanza niliposoma namba ya mapigo yake kwa sauti, alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya wakwe.

"Ukishayahesabu yote," akasema, "mimi nitabaki na yapi?"

"Tata, saa inahesabu hata nikinyamaza."

"Basi na ihesabu yenyewe. Wewe usitaje."

Macho yake hayakuweza kusoma kioo kidogo kile, kwa hiyo nikawa namtajia rangi. Hapo napo tukagombana, maana hakuona ni kwa nini moyo wa mtu uwe na rangi ambazo ng'ombe hana. Mwisho akazipa majina yake. Bluu ikawa maji, kwa sababu ng'ombe wakifika majini hutulia. Kijani ikawa majani. Rangi ya machungwa ikawa gaju, kama tunavyomwita ng'ombe wa wekundu uliofifia, na nyekundu ikawa bihogo, yule wa wekundu uliokolea. Nilimwambia daktari habari hizo kwa aibu, naye akacheka akasema bora mgonjwa anaelewa.

Wiki ya kwanza saa ile ilitaka kunitia wazimu. Nilikuwa nachambua maharage uani, Tata kakaa kwenye kigoda pembeni yangu anaota jua, nikakitupia jicho kioo. Palipokuwa na mapigo pana vistari viwili. Nikamwita mume wangu kwa ukelele wa msiba, akaja mbio kutoka mgombani na panga mkononi, na Tata akatuuliza sote wawili kuna nini. Kumbe ni samli. Kila asubuhi alijipaka samli mikononi mpaka kwenye vidole, kama alivyofanya tangu ujana wake, na ile taa ya chini ya saa ilikuwa imezama kwenye mafuta, haioni kitu. Nikamwosha mkono kwa sabuni. Akalalamika kwamba mfugaji bila samli ni gogo lililokauka. Tukakubaliana samli iishie kwenye kiwiko kwa mkono wa saa, na mkono wa pili afanye atakavyo.

Mume wangu ni mkulima, mwana wa wakulima, mpole kuliko mimi. Alijitahidi sana. Kila asubuhi alikwenda kwa jirani kununua maziwa, na kila asubuhi Tata aliyaonja akayaweka chini taratibu. Siku moja akaomba kumwona ng'ombe anayetoa maziwa hayo. Tukampeleka. Alikuwa ng'ombe wa bandani, mkubwa, ametulia, anakula migomba iliyokatwakatwa na maganda ya ndizi, na hakuwahi kutoka pale tangu anunuliwe. Tata alimtazama kwa huruma kubwa.

"Huyu ndiye wa kuvalishwa saa," akasema.

Lakini shida yenyewe ilikuwa kutembea. Kwa Tata mtu hutembea akifuata kitu: ng'ombe, maji, mgonjwa, mke. Kutoka nyumbani asubuhi, kushuka bondeni, kupanda mlima wa upande wa pili na kurudi mikono mitupu, hicho kilikuwa kichaa. Na njia yetu ina watu. Mzee akipita anahema, kila aliye shambani anainua mgongo aulize kuna nini. Siku za mwanzo alijibu "salama tu," nao wakaendelea kututazama mpaka tunapotelea kwenye mibuni. Ilimchoma. Asubuhi moja nikamwona ametoka na kamba begani. Nikamuuliza ni ya nini, akasema ni ya kushika.

Tulipofika kwa jirani yetu mmoja, mama wa kwaya, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde, tukaulizwa kama kawaida.

"Shikamoo mzee. Mbona mbio na kamba?"

"Marahaba. Natafuta mtamba wangu," Tata akajibu bila kupepesa. "Kanipotea."

Nikadhani yameisha. Sikukumbuka kwamba hawa ni wakulima, na mkulima humwonea huruma aliyepotelewa na ng'ombe kuliko aliyepotelewa na mke, maana anajua ng'ombe huyo akikosa kwao ataingia kwenye maharage ya mtu. Jumapili, ibada ilipokwisha, mzee wa kanisa akasimama akatangaza kwamba mgeni wetu kutoka Kyerwa amepotelewa na mtamba, atakayemwona atoe taarifa. Mume wangu akanigeukia. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikasoma wimbo ambao hatukuwa tunauimba. Mchana ule watu wakazunguka bondeni na mashambani, wanapiga miluzi. Hakuna aliyethubutu kuuliza mzee ana ng'ombe wangapi hapa Kituntu na wanalala wapi, kwa sababu swali hilo haliulizwi. Heshima yao ndiyo iliyoulea uongo wake.

Jumatatu wakamleta. Mtamba wa kweli, mwekundu, miguu ina tope, na wanaume watano nyuma yake wamechoka na wamefurahi. Tata akatoka ndani akasimama. Akamzunguka. Akampapasa shingo, akamtazama kwato, akamkwaruza nyuma ya sikio mpaka mnyama akafumba macho. Akasema huyu anyweshwe maji ya chumvi, na mama yake lazima alikuwa na pembe za kufungamana. Niliona anavyomtaka. Angesema ndiye, na hapakuwa na mtu wa kubisha.

"Si wangu," akasema.

Wakatazamana.

"Sikupotelewa na ng'ombe, wanangu. Daktari kaniambia nitembee moyo upone, nami nikaona haya. Mnisamehe."

Mtu wa kwetu anaweza kudanganya juu ya umri wake na juu ya alikolala jana. Kumwita wake ng'ombe wa mwenzake, hilo hawezi. Nilitaka ardhi inimeze, lakini mzee wa kanisa akashika kidevu akasema, "Mzee wangu, si ungesema tu? Tungekusindikiza." Mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikawapitia wote, hata Tata. Kufikia mchana mwenye mtamba alikuwa amepatikana.

Tangu siku hiyo kamba ilibaki ukutani, na njia nzima ikajua. Tukipita waliuliza, "Mzee, mtamba kapatikana?" naye akajibu, "Yuko mbele." Akaanza kutembea kama mwenyeji. Fimbo aliiweka mabegani, mikono yote miwili ameining'iniza juu yake, mtindo wa wachungaji, na kwa kuwa mikono haikupunga, saa ikadhani mzee hajatoka nyumbani. Hatua haikuzijua. Mapigo iliyajua, na sisi tukafuata mapigo.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikumwambia yeye. Zile asubuhi zilikuwa zangu. Utotoni nilijua mgongo wa baba yangu kuliko uso wake. Aliondoka na ng'ombe umande haujakauka, akarudi nao jioni, na hata akisharudi aliongea nao kwanza: huyu kachubuka wapi, huyu mbona hakushiba. Nilisimama karibu na mama nikingoja zamu yangu ya kuulizwa kama nimeshiba. Ikija, ilikuja kupitia kwa mama. Baadaye nikaolewa kwa wakulima, na mgongo nao nikaukosa. Nilikuwa nimeshavuka hamsini, nina wajukuu, na bado nilikuwa namtamani baba yangu kama mtoto aliyeachwa mlangoni.

Na sasa nilikuwa naye kila asubuhi, njia yote. Daktari alisema ukitaka kujua kama kasi inafaa, mgonjwa aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Kwa hiyo baba yangu aliamriwa na hospitali aongee nami. Akaongea. Aliniambia mama alivyomkataa mara ya kwanza kwa sababu ya masikio yake. Aliniambia siku niliyozaliwa kulikuwa na ukame, akakamua zizi zima kupata kikombe kimoja cha kumpa mama. Tukifika kwenye mwinuko alianza majigambo ya ng'ombe wake, yale ya kusemwa mbio mbio kwa pumzi moja, kila ng'ombe na sifa zake. Mwanzoni pumzi ilimwishia kwa ng'ombe wa kwanza, akasimama, akaninyooshea mkono nimsomee.

"Bihogo, Tata. Kaa."

Akakaa kwenye jiwe, nami nikakaa karibu yake, mabega yakagusana. Tulingoja mpaka gaju, tukangoja mpaka majani. Sikuwa na haraka kabisa.

Tulipokwenda kliniki daktari aliipitia simu yangu, ambamo saa ilikuwa inatunza kila kitu. Alisifu rangi ya machungwa. Alisema mzee anafanya kazi vizuri, na nyekundu inapungua. Kilichomshangaza ni bluu. Ilikuwa haba, hata usiku mzee akiwa amelala. Moyo haushuki, akasema, kana kwamba unangoja kitu. Huenda ni dawa, huenda hapati usingizi mzuri. Nikarudi nyumbani nimelichukulia hilo kama kazi yangu. Nikambadilishia godoro. Nikamhamishia chumba chenye dirisha la mashariki. Nikaizima redio ya mume wangu, naye maskini akawa anasikiliza taarifa ya habari akiwa kwenye banda la mbuzi. Nikamchemshia Tata maziwa kabla ya kulala na kumfunika blanketi mwenyewe. Bluu haikuongezeka. Nikasema ni ugonjwa tu, utakwisha.

Mlima akaumaliza asubuhi moja ya ukungu, msimu wa mvua za vuli. Hatukuwa tumepanga. Tulifika kwenye jiwe letu na hakukaa. Nikamtazama mkononi, nikasema gaju. Tukapita mahali ambapo siku zote tuligeuka. Gaju. Alikuwa anaendelea na majigambo, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, wengine sikuwahi kuwasikia, na pumzi inamtosha. Mimi ndiye niliyekuwa nahema. Nasema wazi kwamba niliitamani nyekundu. Niliitamani kwa baba yangu mwenyewe, kidogo tu, ya kutupatia mwezi mmoja zaidi. Nilikitazama kioo kile nikikiombea kigeuke, na hakikugeuka.

Juu kabisa upepo ulikuwa umefagia ukungu, na upande wa Kyerwa vilima vilionekana kimoja nyuma ya kingine, vya majani matupu. Akasimama akitazama huko.

"Na sasa?"

"Gaju, Tata."

"Bihogo haikuja hata mara moja?"

"Haikuja."

Akaniwekea mkono begani. Hakuwahi kufanya hivyo. "Umenifikisha," akasema. Alikuwa anafurahi sana, na furaha yake ilinikata.

Kaka yangu akaja kumchukua. Saa tukaiunganisha na simu yake, nami nikamfundisha kutazama rangi, na kwamba samli iishie kwenye kiwiko. Tulikubaliana kila siku ya soko, akienda Kaisho ambako mtandao hausumbui, atanitumia picha za kioo cha simu. Tata alipanda gari akiwa amevaa koti, fimbo katikati ya magoti. Alimshukuru mume wangu kwa maneno mengi mazuri. Mimi akaniambia, "Mwanangu, ubaki vizuri." Kisha akaitazama barabara.

Nimeendelea kutembea peke yangu. Mume wangu anasema nitembee na yeye, lakini yeye hutembea anachunguza migomba ya watu. Nikifika kwenye lile jiwe sikai. Kwenye njia wananiuliza mtamba yuko wapi, nawajibu amerudi kwao, na wanaelewa.

Siku ya soko ya kwanza picha zikaja nikiwa jikoni namenya ndizi. Nikafuta mikono, nikazifungua moja moja. Asubuhi kijani, vizuri. Machungwa wakipanda na ng'ombe, vizuri. Nyekundu hakuna. Halafu jioni, nikaona bluu. Ilikuwa ndefu, imenyooka, haikukatika, na kesho yake jioni ipo tena, na kesho kutwa. Nikafikiri mzee ameanza kulala mapema, pengine anaumwa. Nikampigia kaka yangu.

"Jioni hizi Tata analala saa ngapi?"

"Alale na ng'ombe wanarudi?" Akacheka. "Anakuwa kasimama langoni mwa zizi, wanapita mbele yake. Wakiisha kuingia wote, anabaki palepale. Kwani vipi?"

Nikasema hamna kitu, nasalimia tu. Kisha nikazifungua kumbukumbu za miezi aliyokaa kwangu, ambazo bado zilikuwa kwenye simu. Nikazipitia usiku baada ya usiku: godoro jipya, dirisha la mashariki, maziwa ya moto, blanketi nililomfunika kwa mikono yangu. Kijani, kijani, kijani. Kwangu, hata akiwa usingizini, moyo wa baba yangu ulikuwa njiani unatembea. Ulikuwa unarudi nyumbani kila usiku, na asubuhi mimi nikauamsha tukapande mlima. Kule Nyakatuntu, yeye amesimama kwa miguu yake ya uzee kwenye samadi, moyo ulikaa chini.

Nililia, nikamaliza kumenya ndizi. Siku za soko zimekuja nyingi tangu wakati ule, na kaka yangu hajasahau hata moja. Picha zikifika siitazami rangi ya machungwa, wala kijani. Naruka moja kwa moja hadi jioni kutafuta bluu, na nikiiona namshukuru Mungu kwa moyo wote, na inaniuma vilevile kama siku ya kwanza.